Mwanamke Aliyepima Nchi Kabla ya Shamba

Mwanamke mmoja alikuwa na ng'ombe, lakini hakuwa na ardhi ya kusimamisha zizi. Jina lake Nakiete. Mumewe alikuwa amefyeka msitu kwa mikono yake, akapanda migomba, akachimba kisima, yote hayo kwa neno la mkuu mmoja aliyemwambia, "Lima tu, ndugu yangu, hapa ni kwako." Mkuu yule akafa. Aliyekalia kiti baada yake hakuwa amelisikia neno lile, na hakuona sababu ya kuanza kulisikia. Mume wa Nakiete akaondoka na jembe begani, na haukupita muda akazikwa katika ardhi ya watu. Tangu hapo Nakiete alihamahama na mifugo yake, leo kwa jamaa huyu, kesho kwa ndugu yule, akishukuru kila asubuhi. Kushukuru kila asubuhi kunachosha kuliko kulima.

Akaamua kununua shamba. Ng'ombe wake wangetosha shamba moja tu. Akikosea, hakuna kurudia. Akamwita mdogo wake, Togolani, kwa kuwa kwa desturi ya kwao mwanamke haendi peke yake kwenye mapatano ya ardhi. Lazima awepo mwanamume wa kukohoa kabla ya bei kutajwa. Togolani alikuwa mkohoaji hodari. Tena alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe na hamu ya shamba lake mwenyewe, hivyo safari ikawa ya wote wawili.

Palikuwa na nchi mbili, mto katikati. Ya huku iliitwa Ngazo, ya ng'ambo iliitwa Mrindi. Milima ileile, mvua ileile. Wakaanzia Ngazo. Togolani akafanya wafanyavyo wanunuzi wote wa kwao: akainama, akachota udongo, akautia mdomoni. Watu wale huonja shamba kama wanavyoonja mchuzi. Udongo mtamu hupewa tangawizi, mchachu huachiwa mbuzi. Togolani akafumba macho.

"Dada, huu unaliwa bila chumvi."

Nakiete naye akaonja, akatema, akakubali kwamba udongo ni mzuri. Kisha akauliza njia ya kwenda barazani. Mdogo wake akashangaa: shamba liko hapa, baraza la nini? Lakini Nakiete alikuwa amejifunza jambo moja kwa gharama kubwa. Mumewe hakufukuzwa na udongo.

Mkuu wa Ngazo aliitwa Kirumbi, na hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angetuondolea kazi ya kufikiri. Kirumbi alikuwa mkarimu, mcheshi, mwenye kukumbuka majina ya watoto wa watu. Baraza lake lilikuwa na vigoda safi ambavyo hakuna aliyevikalia, na buibui walikuwa wamefunga utando kati ya kigoda na kigoda. Mambo yote ya nchi yalimalizikia kwake, akinywa uji. Ushuru haukuwepo. Sheria ya malisho haikuwepo, wala ya miti, wala ya maji. "Sheria ni za watu wasiopendana," alisema, akachinja mbuzi kwa ajili ya wageni. Akamwambia Nakiete achague kipande anachokipenda, atoe ng'ombe, na kitakuwa chake kwa jina lake, bila kuulizwa habari za mume. Togolani akaacha hata kukohoa. Alikuwa akitafuna.

Nakiete akanawa mikono, akasema kwa adabu:

"Mkuu, nionyeshe mtu mmoja tu aliyewahi kukushinda kwenye shauri, na bado anaishi hapa."

Waliokuwa wakila wakacheka. Halafu wakamtazama Kirumbi waone kama kicheko kimeruhusiwa, na kwa kuwa hawakuona ishara, wakarudi kwenye nyama. Kirumbi mwenyewe hakukasirika. Alimtazama yule mwanamke kwa huruma ya kweli kabisa.

"Mama yangu," alisema, "mtu anishinde kwa nini, na mimi nampa kila anachoniomba?"

Njiani Togolani alishindwa kuvumilia. "Umekula mbuzi wa watu, kisha umemtukana mwenyewe!"

"Sikumtukana. Nimemuuliza."

"Kwa mkubwa ni kitu kilekile, dada!"

"Haya," Nakiete akasema. "Wewe umenijibu vizuri kuliko yeye."

Wakavuka mto kwenda Mrindi. Kelele za baraza walizisikia kabla ya kuiona nchi yenyewe. Huko watu wote walikuwa na zamu ya kuzibua mfereji wa maji, na asiyetokea zamuni alitozwa mtungi wa pombe ya miwa. Mtungi huo waliunywa wale waliochimba, naye mkosaji aliketishwa katikati yao, mdomo mkavu, mpaka uishe. Siku hiyo aliyeketi katikati alikuwa mkuu wa nchi, mzee Mashambo.

"Jino lilikuwa likiniuma, jamani," Mashambo alilalamika.

"Kwani jembe hushikwa kwa jino?" mama mmoja akamuuliza, akajifuta povu.

"Basi nipeni nusu kikombe. Pombe yenyewe nimeipika mimi."

"Hata kunusa usinuse, mkuu! Geuza uso kule!"

Mashambo akageuza uso, akanung'unika, na hakuna aliyetazama kulia wala kushoto kabla ya kucheka. Nakiete akaona kwamba hapa swali lake halikuhitaji kuulizwa. Akauliza mengine.

Majibu hayakumfurahisha mtu. Kikapu kimoja katika kila vikapu kumi vya mavuno huenda kwa nchi, kutunza mfereji na daraja. Mti ulio karibu na chemchemi haukatwi hata ukikuangukia. Ng'ombe hawashuki mtoni ila kwa njia yao. Shamba la mteremko lisilo na matuta, mwenyewe hulipa faini. Togolani alikuwa ameuonja udongo wa Mrindi, akatema kokoto. Sasa alishika kichwa. "Hawa watu wanatoza mpaka kivuli."

Kisha likatajwa kubwa kuliko yote. Kwa sheria ya Mrindi, mwanamke hamiliki shamba. Sharti liandikwe kwa jina la mwanamume wa ukoo wake. Mashambo ndiye aliyeitamka, na kwa kuwa alikuwa na kiu, aliitamka kwa raha.

Togolani akamvuta dada yake pembeni. Maneno yake yalikuwa ya mtu anayempenda. "Dada, nakuomba. Kule unapewa leo hii, kwa jina lako. Huku unanyimwa, na ukipewa utatozwa. Umechoka kulala kwa watu. Mimi pia nimechoka kukuona ukilala kwa watu. Unapima nini tena?"

Nakiete akakaa juu ya jiwe, na hapo hakuwa na ujanja wowote. Alitamani ile ardhi nyeusi ya Ngazo mpaka mate yakamjaa. Alijua mdogo wake hakuwa mjinga. Lakini aliona hivi: kule jema lote lilikaa mdomoni mwa mtu mmoja. Huku baya lilikaa barazani, mahali ambapo mtu angeweza kusimama na kulisema kuwa ni baya. Akasimama, akaomba nafasi ya kusema.

Akapewa. Akasema. Akashindwa. Akaambiwa arudi baraza lijalo, akarudi, akashindwa tena. Mvua zikaanza. Togolani akanunua shamba lake Ngazo, akapanda, na majani yakamfika magotini wakati dada yake bado anabishana na watu wasio hata majirani zake. Ng'ombe wa Nakiete walikula malisho ya kuazima, na mmoja mwenye mimba akaanguka akafa kwa udhaifu. Nakiete akalia siku hiyo, tena si kidogo. Waliompinga barazani hawakuwa wanaume tu. Wapo akina mama waliosema kwamba sisi tumevumilia, huyu mgeni ni nani? Hata hivyo kila zamu ya mfereji ilipofika alikwenda na jembe, akachimba njia ya maji ambayo hayakuwa yake, na jioni akanywa pombe ya wakosaji pamoja na wengine.

Mwishowe mtu mmoja, aliyekuwa amempinga tangu mwanzo, akasimama akiwa amechoka. Akasema kwamba kwa sheria yao anayechimba mfereji ana haki ya maji, na huyu amechimba. Je, kama hana shamba, maji hayo akamwagilie paja lake? Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakahesabiwa. Ile sheria ikaanguka kwa tofauti ya watu wachache. Mashambo akatangaza kwamba uamuzi ni wa kipumbavu na kwamba ataufuata. Siku ya kupanda masale, mimea ya kutia alama mpakani, alikuja yeye mwenyewe kushuhudia, kama ilivyompasa, akalalamika kwamba nyama ya sherehe ni ngumu.

Miaka ikapita. Nakiete alitoa kikapu chake kila mavuno, na kila mara alikitoa akilaani. Hajazaliwa mtu wa kulipa ushuru akiimba. Faini alitozwa pia, mara moja kwa haki na mara moja kwa uonevu. Ile ya uonevu alirudishiwa nusu.

Kuhusu Togolani, msije mkangoja niwaambie kwamba radi ilimpiga. Hakuna lililompata. Kirumbi aliendelea kuishi na kuendelea kuwa mkarimu. Hakumtoza hata punje. Shamba la Togolani lilikuwa zuri, naye alinenepa.

Siku moja alivuka mto kumsalimu dada yake. Alimkuta njiani akitoka barazani, ambako alikuwa ameshindwa shauri juu ya mbuzi wa Mashambo waliokula tangawizi yake. Nakiete alikuja akipaza sauti tangu bondeni. "Mzee yule na mbuzi wake akili moja! Bora mbuzi, ana ndevu za heshima!" Togolani akamshika mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango.

"Dada, watakusikia!"

"Akina nani?"

Togolani akachungulia kwenye ufa wa mlango. Akakaa. Na ingawa alikuwa ndani ya nyumba ya dada yake, katika nchi nyingine, alimweleza shida yake kwa kunong'ona. Kirumbi alikuwa amemsalimu barabarani bila kuuliza habari za watoto. Ni hilo tu. Pengine alikuwa na mawazo, pengine jua. Lakini tangu siku ile Togolani hakulala vizuri, na alikuwa ameacha kupanda kitu chochote kinachochelewa kuzaa. Miche ya kahawa aliyoiotesha aliiacha ikakauka. Sasa alipanda maharage tu.

Nakiete hakumcheka. Alimpakulia chakula, akamkalia karibu, wakala pamoja mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa ndivyo mgeni alivyotaka.

Basi niambieni, ninyi mnaojua bei ya ardhi: kati ya ndugu hawa wawili, ni yupi aliyenunua shamba, na ni yupi aliyeliazima?