Mwewe Aliyefunikwa Shuka

Wapendwa, kabla hatujafungua Neno, naomba niwapeleke mbali kidogo. Kule Marekani, kwenye nchi kavu yenye majabali mekundu, wanaishi watu waitwao Wanavajo. Wengi wao wamekulia kwenye kondoo, na kwao, kama kwetu, mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako kabisa. Habari za binamu hawana.

Basi huko alikuwako bwana mmoja mchoraji. Na mtoto wa mama yake mdogo, dada yake, naye mchoraji. Walichunga pamoja tangu wadogo, wakachora pamoja. Kaka ndiye aliyekuwa na mkono mzuri zaidi. Mwenyewe alijua, na dada alijua. Lakini watu walimpenda dada! Alichora kunguru wakigombania mfupa, bweha akinywa maji, kindege kidogo kikifyonza ua. Bundi tu hakumgusa; huko nako bundi ni habari mbaya. Wageni walitoka miji ya mbali kuja kuona picha zake, na wakipita kwa kaka walikuwa na swali moja: "Samahani mzee, nyumba ya yule mama wa ndege ni ipi?"

Hebu jiweke hapo. Umetoka nje na brashi mkononi, na mgeni hatazami hata ulichochora. Anataka kuonyeshwa njia tu. Mara ya kwanza utaelekeza ukitabasamu. Mara ya kumi je? Yule bwana alifika mahali ambapo akisikia dada yake anasifiwa, chakula kinamshinda. Kila picha mpya alikwenda kuitazama, si kuifurahia, bali kutafuta palipokosewa. Na akipakosa, alirudi nyumbani anaumwa kichwa.

Ikatokea mji ukamwomba dada picha kubwa ya ukumbi wao: mwewe anatua, mbawa wazi. Zikiwa zimebaki siku nne picha izinduliwe, dada akateleza kwenye barafu ya majira ya baridi mlangoni pake, akavunjika mkono wa kulia. Akapakiza picha kwenye gari, akaja kwa kaka yake.

"Kaka, nimekwama. Bado macho na miguu."

"Wachoraji wamejaa mjini. Kwa nini mimi?"

"Nani mwingine tuliyemwangalia naye mwewe yule, kila asubuhi, kondoo wakila? Macho yake unayajua wewe."

Alipoondoka, kaka akakaa mbele ya picha ile. Ilikuwa nzuri. Alizitazama mbawa, unyoya kwa unyoya. Kisha akashika brashi, na mchana kweupe, akijua kila mstari anaouvuta, akamchora yule mwewe macho ya kuku. Ya mviringo, yasiyo na ukali, kama anayesubiri kumwagiwa pumba. Miguu nayo akaifanya ya kuku. Akajiambia, "Wacha wamcheke mama wa ndege." Akaifunika shuka, akaipeleka ukumbini mwenyewe. Kwa dada akatuma neno: rangi haijakauka, mtu asifunue hadi siku yenyewe.

Na dada aliamini. Kwa nini asiamini?

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Kaka akachagua kusimama nyuma kabisa, mahali pa kuona aibu ya mwenzake vizuri. Dada akapanda mbele, mkono umefungwa plasta.

"Kabla hamjafunua," akasema, "mjue kwamba mbawa ni zangu. Lakini macho na miguu ni kazi ya kaka yangu, yule pale nyuma. Miaka yote ninawaambia ananishinda, hamnisikii. Leo mtajionea. Nimeomba jina lake liandikwe hapo chini, mbele ya langu."

Watu wote wakageuka kumtazama. Wakampigia makofi. Yale makofi aliyoyatamani maisha yake yote, wapendwa, ndiyo haya! Akainua mkono awazuie. Shuka ikaanguka.

Bibi mmoja wa safu ya mbele akauliza, "Huyu ni mwewe au kuku?" Kicheko kikazunguka ukumbi mzima.

Dada hakucheka. Aliitazama picha, akashuka, akapita katikati ya watu mpaka alipo kaka yake. Akamshika bega, machozi yanamlenga.

"Kaka yangu," akamwambia taratibu, "kumbe macho yanakusumbua, na mimi sikujua? Ungeniambia tu. Kesho nakupeleka hospitali."

Angejibu nini? Wewe ungejibu nini?

Tusimcheke yule bwana, maana sisi tunamjua. Si ndiye aliyeombwa kuitikia wimbo wa mwenzake kwenye kwaya, akaimba chini makusudi? Si ndiye aliyekabidhiwa wali wa harusi ya shemeji, akauacha ushike ukoko huku akitazama? Tunadhani tunaharibu cha mwenzetu, kumbe mikono iliyoharibu ni yetu, na kipaji kilichochafuka ni kile Mungu alichotupa sisi.

Kwa hiyo leo, ukitoka hapa, yuko mtu aliyekuletea kazi yake nusu kwa sababu anakuamini. Nenda kaimalize, na uimalize vizuri. Na kama umeshaiharibu, ndugu yangu, usimwache akuuguze ugonjwa usio nao. Mwambie ukweli kabla jua halijazama.