Viatu vya Mjumbe wa Kudhari

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, nami nawapa kama nilivyopewa, chumvi nimetia kidogo tu, kwamba miji miwili, Zarwani na Kudhari, iligombea kisima cha mpakani. Mfalme wa Kudhari akamtuma Mundhir, mtu mwenye hadhi na ndevu zake, aje Zarwani kutafuta suluhu.

Nyumba ya wageni ilitunzwa na mjane mchamungu, Bi Rayhana. Desturi ya Zarwani, mgeni akiwa ndani, viatu vyake hugeuzwa vielekee nje, avivae bila taabu. Bi Rayhana akavigeuza kwa bismillahi. Kumbe huko Kudhari, kumgeuzia mtu viatu ni kumwambia ondoka, usirudi. Mundhir alipoviona hakuaga hata kwa salamu. Haukupita muda, jeshi la Kudhari likapiga kambi mpakani.

Mjini ndimi zikapata kazi. Huyu asema ni kisima, yule asema ni posa iliyokataliwa zama za mababu. Muuza maziwa ndiye aliyeleta la kweli: mjumbe analalamikia viatu. Bi Rayhana akatambua ni vile alivyovigeuza yeye, akaenda kuomba ruhusa ya kwenda kambini kwa Waziri Shabib, ambaye siku nyingi alikitamani kisima chote.

"Mama, nyamaza," Waziri akamwambia. "Vita hivi vina kheri yake. Ukienda kule watakukata shingo."

"Mwanangu, shingo hii imebeba mitungi ya maji tangu ujana. Ukweli haitashindwa kuubeba."

Akapanda punda hadi kambini, akavua viatu mlangoni pa hema la Mundhir, akaingia.

"Ni mimi niliyegeuza viatu vyako," akasema. "Kwetu ni heshima. Ukiona ni kosa, nikate mimi, uwaache wana wa watu."

Mundhir akasema, "Nami nilishangaa, Bibi. Mnanilisha mwanakondoo, kisha mnanifukuza?"

"Tungetaka kukufukuza, tungekupa dengu za jana."

Mundhir akacheka mpaka ndevu zikatikisika. Kisha akatoka, akainama mbele ya askari wake, akavigeuza viatu vya mjane vielekee Zarwani.

Kisima kikanywewa kwa zamu. Waziri Shabib, nasikia, aliugua tumbo, mimi simo.

Enyi waumini, cheche ni ndogo siku zote. Anayeilea ni yule ajuaye ukweli akaufungia kinywani. Mola atujaalie ndimi za kusuluhisha, maana za kuchochea tunazo tele.