Mtoto wa Ndeshi Apewe Jina la Nani

Nikisema "Mlima!" nijibuni "Tunausikia!" Mlima! Haya. Na wewe uliye nyuma, rudishia mlango.

Kwenye kijiji cha mwisho mlimani, pale migomba inapokoma na baridi inapoanza kung'ata mifupa, walikuwako watu watatu. Kisali alikuwa na sikio: akiinama aliisikia theluji, akajua ipi imelala na ipi inangoja. Aikande alikuwa na pua: upite leo na samli nyweleni, kesho atakwambia uliketi jiwe gani. Moshiro mhunzi alikuwa na mikono: kaa la moto, barafu, kwake yote sawa.

Aikande alikuwa na mke mwenzake, Ndeshi, mjamzito. Asubuhi moja Ndeshi alibandika maharage, magadi hana.

"Dada, niazime magadi kidogo."

"Mimba si kilema," Aikande akamjibu. "Miguu unayo, kachote."

Magadi yalichotwa ng'ambo ya bega la mlima. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na upepo ukairundika upande mmoja. Ndeshi akajitwika kikapu, akaenda.

Kisali alikuwa huko akitafuta mbuzi aliyepotea. Aliweka sikio chini, akasikia mngurumo kama tumbo la mwenye njaa. Theluji mpya ilikuwa imelala juu ya theluji kuukuu, na katikati yake chengachenga kama chumvi, zisizoshikana. Kuinua macho, akamwona Ndeshi juu kule, anaukata mteremko. Angemwita. Lakini watu wa kule hawaliiti jina la mtu mlimani. Walisema mlima ukilisikia haulisahau. Kisali akapunga mkono tu. Ndeshi hakugeuka.

Mteremko ukapasuka, nusu yake ikashuka na Ndeshi. Kisha kimya.

Kisali alikimbia kuleta watu, akarudi nao akitangulia. "Hapa pita. Hapa usikanyage." Juu yao nusu ya ule mteremko ilikuwa bado inaning'inia. Akalala chini yake, sikio kwenye theluji. Akiinua mkono, wote waliganda. Hata kukohoa walimeza.

Aikande alitambaa kwa magoti, pua chini. Weupe mtupu. Akapita, akarudi, akasimama. "Samli," alinong'ona. "Samli yangu! Aliniibia juzi, mwizi huyu." Machozi yakamtoka. "Yuko hapa."

Moshiro alichimba. Jembe Kisali alilikataza, kwa kishindo chake. Na theluji iliyoporomoka huwa ngumu kama sakafu, wajukuu zangu. Kucha zikang'oka, akachimba. Akaufikia ukindu wa kikapu, akaifikia shingo, akamvuta Ndeshi, midomo zambarau. Akampuliza, Ndeshi akavuta pumzi.

Walipofika kwenye mawe, ile nusu nyingine ikashuka nyuma yao.

Vidole vinne vya Moshiro vilikufa siku ile. Hakushika nyundo tena.

Mtoto akazaliwa hai. Na desturi ya kule ilikuwa hivi: aliyetolewa kinywani mwa mlima humpa mwokozi wake mtoto wa jina, aitwe kwa jina la mwokozi huyo. Mtoto huyo atamlisha uzeeni, atamzika kama mzazi. Jina moja, mwokozi mmoja. Ndeshi akawaita wote watatu.

"Bila sikio langu," Kisali alisema, "tungelala huko wote."

"Sikio! Mdomo ulikuwa wapi?" Aikande akamrukia. "Ulimwona, ukanyamaza!"

"Na magadi alimnyima nani, shemeji?"

"Nilimnyima, ndiyo. Na ningenyamaza pia, nani angejua yuko wapi? Mhunzi angekuwa anachimba mpaka leo."

Moshiro aliingiza mikono ndani ya shuka. "Mimi sisemi. Ila watoto wangu wanaomba chakula kwa jirani."

Ndeshi akawatazama mmoja mmoja. Mtoto alikuwa na homa siku ya tatu, hanyonyi. Wazee walikuwa mlangoni wakimhimiza, maana mtoto asiye na jina, walisema, mlima humhesabu bado ni wake. Na huko nje mawingu yalikuwa yamekwishafunika kilele.

Mama yangu akitusimulia, akifika hapa alikuwa anatutazama usoni. Nami nawatazama ninyi. Mtoto anahema kwa shida, Ndeshi amefungua kinywa.

Ataje jina la nani? Je, wewe ungeamua vipi?