Kundi Lililoshtakiwa kwa Kula Mchungwa

Sogeeni, niwapeleke mbali! Semeni, "Tupeleke!" Haya. Kale, kale sana, milima yetu ya Upare ilipokuwa bado mibichi, paliishi mwanamke aitwaye Nakundwa. Alikuwa na mchungwa mmoja, alioachiwa na marehemu mama yake, na kila asubuhi aliusalimia. Msicheke, nanyi mnaongea na mbuzi!

Siku moja akaona vidudu kwenye shina. Vidogo kuliko punje ya ulezi, vya kahawia, vyote pamoja. Akivigusa, vinahama pamoja. Kimoja kikisimama, vyote vinasimama. Kama ng'ombe, wajukuu zangu!

Majirani wakaingiwa na hofu. Wakamwita Mzee Mrindoko, mkuu wa kijiji, mtu wa maneno mengi na subira kidogo.

"Vinakula mti!" akanguruma. "Kesho vitahamia migomba yetu. Ukatwe, uchomwe!"

Machozi yakamlenga Nakundwa, lakini akajikaza. "Baba, hili si kundi?"

"Ni kundi."

"Na kundi likishtakiwa kwa kula shamba, sheria yetu inasemaje?"

Mzee akakuna kichwa. "Kwanza tukague lilichokula."

"Basi tukague."

Mzee akainama, pua kwenye gome, makalio juu. Akatazama, akatazama, jua likapanda, akatazama. Majani? Mazima. Gome? Zima. Vidudu vilikuwa vinakula ule utando wa kuvu ulioota juu ya gome, basi. Vilikopita, shina lilibaki safi kama sahani mkishailamba ninyi siku ya nyama.

"Loo! Hili si kundi la wezi, ni la wafagiaji!"

"Na anayelisingizia kundi la mwenzake, baba?"

Mzee akanywea. Sheria aliitunga mwenyewe: msingiziaji hulichunga kundi hilo siku nzima.

Weee! Kijiji kizima kilikuja kumtazama mkuu wao na fimbo yake, akiuzunguka mchungwa: "Hoo! Hoo! Wewe wa nyuma, wafuate wenzako!" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwenyewe naye akacheka. Nakundwa alicheka huku analia, maana mti wa mama yake ulikuwa bado umesimama.

Basi, wanangu, mkiona kitu msichokijua, kichungulieni kwanza, shoka lingoje. Kisa kimefika kwake, nami nimefika kwangu. Aliyesinzia asiniombe nirudie!