Njia Isiyo na Dungu

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mahindi asiloweza kuliona. Jina lake Mkumba. Mguu ulimlaza kitandani tangu masika, na mahindi yale ndiyo yangelisha nyumba yake mwaka mzima. Basi akaweka waamiaji pande zote za shamba, kila mmoja juu ya dungu lake, jukwaa la kulindia, wawafukuze tumbili. Walichokiona walimwambia Mbwera, shemeji yake, naye alikileta nyumbani kwa njia moja tu iliyotoka shambani. Kwenye mdomo wa njia hiyo hapakujengwa dungu. Lingekaa wapi, na pale ndipo habari zinapopita?

Kila jioni Mkumba aliuliza, "Na njiani?"

"Kulia shwari, kushoto shwari. Katikati patakuwaje, shemeji?"

Mkumba akaridhika. Mkewe, Binti Ngwele, hakuridhika. Siku moja aliokota njiani gunzi bichi lenye alama za meno. Akaliweka juu ya mkeka, mbele ya mumewe na kaka yake Mbwera.

Mkumba akacheka. "Madungu yote yanasema shwari, wewe na gunzi lako moja unatutia kiwewe? Hofu yako inakula kuliko tumbili!"

Binti Ngwele alimgeukia Mbwera. "Kaka, sikukuuliza kulia wala kushoto. Pale unapopita wewe, umeona nini?"

Mbwera hakuwahi kutazama. Siku zote alikuwa mbioni na habari za wenzake.

Mbwera na dada yake wakaenda shambani. Kingoni mahindi yalisimama mazuri, marefu, yakificha kila kitu. Ndani yalibaki mabua. Tumbili walikuwa wakiingia kwa njia ileile, kila Mbwera alipogeuza kisogo.

Msinikunjie uso, wazazi wangu. Nyuma ya kila jicho lenu kuna mahali mshipa wa fahamu unapotokea, upeleke habari kwenye ubongo, na mahali hapo hapaoni kitu. Ubongo nao hausemi "sijui." Unapaziba kwa sura ya majirani zake, nanyi mnaapa mmeona yote. Ndiyo maana tukapewa macho mawili, moja lilinde pengo la mwenzake. Haya, nyumbani mwenu jicho la pili ni nani, na mara ya mwisho aliposema anaogopa, mlimjibu nini?