Pampu ya Msafara

Pampu ya msafara hukaa nyuma. Leo mmemsikia mama yenu akimwambia Mboni maneno hayo, alipomtaka akae karibu na mdogo wake ambaye kusoma bado kunampa taabu. Mkacheka, mkaniuliza, "Bibi, pampu na kitabu wapi na wapi?" Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwapo.

Tulikuwa watu saba wa darasa la jioni pale Tanga. Tuliazimia kwenda Bagamoyo kwa baiskeli, tukifuata pwani, kwa siku nne. Siku ya kwanza tulale Pangani. Simu za mkononi zilikuwa bado za wachache, na sisi hatukuwa miongoni mwao.

Kiongozi wetu alikuwa Semboja, fundi baiskeli mwenye mapaja kama vinu. Mfuko wa vifaa tukamfungia yeye kwenye keria: pampu, gundi, viraka, spana. Hakuna aliyeona kosa. Mzigo mzito si hupewa mwenye nguvu?

Kabla hatujaondoka, Semboja aliweka sharti. "Leo ndiyo kipimo. Asiyefika Kigombe kabla ya adhuhuri atapanda gari arudi Tanga. Siendi Bagamoyo huku naburuta watu."

Alisema watu, lakini macho yake yalikuwa kwa Tumu. Tumu alikuwa mdogo kuliko sisi sote, na mtoto wake alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Alimwacha kwa mama yake. Kwa wakwe zake aliambiwa waziwazi kwamba mwenye mtoto hana kazi na barabara, na darasa lenyewe la jioni linamtosha kwa utundu.

"Nikirudishwa leo," aliniambia tukijaza maji kwenye chupa, "hata darasani hamtaniona tena. Watasema, si tulikwambia?"

"Basi usirudi," nikamjibu. Ni rahisi kumwambia mtu hivyo wakati miguu yako haijachoka.

Asubuhi ilikuwa ya ubaridi, upepo unatusukuma mgongoni. Tulisimama Tongoni tukatazama magofu ya msikiti wa kale, tukapiga soga, kisha tukaendelea. Barabara ilikuwa ya udongo na changarawe, minazi huku, mkonge kule. Semboja mbele, Tumu wa mwisho. Baada ya kona mbili tatu hatukumwona tena, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake amemwona.

Kigombe tulifika mapema, tukanywa madafu. Tukangoja. Adhuhuri ikaadhiniwa. Semboja akatazama njia, akatazama saa yake. Watu walikuwa wameshatoka kuswali Tumu alipotokea, anasukuma baiskeli kwa mikono miwili, tairi la nyuma limelala chapati, kanga yake imelowa jasho.

"Pole, dada," Semboja akasema. "Lakini sharti unalijua."

"Nalijua."

"Pancha umepata wapi?"

"Nilikuwa nimeipita Tongoni kidogo tu."

"Umesukuma kutoka kote huko? Kwa nini hukuziba?"

Tumu akamtazama. "Nizibe kwa mate, kaka? Pampu unayo wewe. Nimeuliza nyumba tatu, hawana."

Kibwana, mchekeshaji wetu, akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Nabeba mimi kwa sababu nina nguvu," Semboja akasema, sasa kwa sauti ya chini.

"Nguvu unazo, sikatai. Lakini wewe ukipata pancha kule mbele, utakaa tu, sisi sita tutakukuta. Mimi nikipata pancha nyuma, nani atanikuta?"

 Mimi nilikuwa nimeshika dafu langu, nikaona aibu hata kulinywa.

Semboja alipiga magoti kwenye changarawe, akavua tairi, akaziba. Tumu alichutama kando yake, akifuata kila kitu kwa macho: anavyokwangua mpira, anavyongoja gundi ikauke. Alipomaliza kujaza upepo, Semboja akaufungua mfuko kutoka kwenye keria yake, akaufunga kwenye ya Tumu.

"Nitazidi kuchelewa," Tumu akasema.

"Nipe mzigo wako niubebe mimi."

"Na sharti la adhuhuri?" Kibwana akachokoza.

"Aliyechelewa leo ni mimi na pampu yangu," Semboja akasema. "Twende."

Alasiri ile, Pangani ikiwa si mbali, tairi langu likalia fiii, likaisha upepo. Nilimwona Semboja akipotea kwenye kona, wenzangu nyuma yake. Asubuhi ningepiga kelele hadi sauti ikauke. Sasa niliegemeza baiskeli kwenye mnazi, nikakaa kivulini, nikamenya chungwa. Nilijua pampu inakuja.

Kengele ya Tumu niliisikia kabla sijamwona.

"Dada Nuru! Pancha?"

"Pancha, fundi."

Akacheka kwa hilo neno fundi. Kiraka cha kwanza kilivuja. Cha pili kikashika. Tukaingia Pangani pamoja, polepole, tukawakuta wenzetu wamesimama kando ya barabara, hakuna aliyekaa. Semboja akatuhesabu kwa kidole, "Sita, saba." Ndipo akatafuta mahali pa kukaa.

Kesho yake asubuhi, kwenye kivuko, Kibwana alimwonea Tumu huruma, akanyoosha mkono kuupokea ule mfuko.

"Lete, dada yangu, leo nikupumzishe. Mimi natangulia."

Semboja alikuwa ameshaingia kivukoni. Akageuka.

"Uache hapo ulipo, Kibwana. Pampu ya msafara hukaa nyuma."

Tumu akaingia kivukoni akiwa wa mwisho kabisa, mfuko uko kwenye keria yake, tukavuka wote saba.