Mke wa Seremala na Kidonda Alichokificha

Wapendwa, alikuwepo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mke wa seremala, mama wa watoto watatu. Mtaani walimwita Mama Tumsifu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwanamke mchapakazi, mcheshi, anayependwa na watoto wa darasa lake. Lakini alikuwa na jambo moja lililomsumbua kila alipojitazama kwenye kioo. Baada ya kunyonyesha watoto watatu, matiti yake yalikuwa yamelala. Ninyi kina mama mnanielewa. Kina baba, msiangalie chini, haya ndiyo maisha tunayoishi.

Mumewe hakuwahi kusema neno. Kunyamaza kwake ndiko kulikomtia mama huyu wasiwasi. Akawaza, "Hasemi kwa sababu amechoka kuniangalia."

Basi likizo moja akaaga nyumbani kwamba anakwenda semina ya walimu, na akitoka huko atapita kwa dada yake. Semina ya wiki tatu! Akaenda mji mwingine, kwenye kliniki iliyobandika picha za wanawake wanaotabasamu mlango mzima, na huko wakampasua, wakamwekea mifuko ya silikoni kifuani. Akarudi nyumbani amenyooka kama bibi harusi.

Miezi michache alifurahi. Halafu upande wa kushoto ukaanza kuwa mgumu. Mwili ulikuwa umejenga ganda la kovu kuuzunguka ule mfuko, na ganda likawa linakaza, linavuta titi juu, hadi la kushoto na la kulia yakawa hayafanani tena. Na maumivu juu ya hayo. Kuinua mkono ikawa kazi.

Sasa angemwambia nani? Akaanza kulala na sidiria, na juu yake fulana, na juu ya fulana khanga. Mume akiuliza, anajibu, "Nasikia baridi." Baridi, jamani, katika mji ambao mbwa wanashinda wamelala kwenye mtaro! Mnacheka. Nami nilicheka. Lakini hebu niwaulize: mtu anayelala kando yako miaka kumi na sita, unamficha kifua?

Mwaka na nusu ulipita hivyo. Mwisho maumivu yakamshinda, akaenda hospitali kubwa, kwa daktari bingwa wa kurekebisha maumbile, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Daktari akampima, akasema, "Inarekebishika. Nitatoa mifuko yote miwili pamoja na hilo ganda, kisha nitainua kilicho chako mwenyewe na kukishona vizuri. Hutakuwa kama wale wanawake wa kwenye picha za kliniki. Makovu yatabaki. Lakini utapona, na utakuwa sawa."

Mama Tumsifu akalia kwa furaha.

"Ila kuna jambo," daktari akaendelea. "Ukitoka hapa utahitaji mtu wa kukufunga bandeji na kukuogesha. Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

"Mume?"

"Hajui chochote, daktari. Na naomba asijue."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, kidonda hiki huwezi kukiuguza peke yako. Nenda kazungumze naye, kisha urudi tupange tarehe."

Safari ile ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu. Alimkuta mumewe uani, mchana, anapiga randa mbao za kabati la mtu. Akasimama mbele yake mkoba ungali begani.

"Baba Tumsifu, nina neno."

Mume akazima redio.

Akamweleza yote. Semina ya uongo, kliniki, mifuko, maumivu. Alisema huku ametazama maranda chini, akingoja kufokewa. Alipomaliza, mume akasema, "Mke wangu, najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua wiki ile uliyorudi. Mimi ni fundi. Vitu vilivyobadilika kipimo navijua kwa macho."

"Na hukusema!"

"Mwezi wa kwanza nilikuwa na hasira, sikujiamini kufungua mdomo. Baadaye nikaogopa kwamba nikikuuliza utanidanganya tena, na mimi sikutaka udanganye mara ya pili. Nikasema nitangoja uniambie mwenyewe. Labda nimengoja mno, unisamehe. Lakini nilipoona huwezi kuinua mkono, ile kamba ya kuanikia nguo niliishusha. Na rafu ya sukari jikoni niliishusha pia. Ulidhani zilishuka zenyewe?"

Mama yule alikaa chini kwenye maranda, akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena.

"Nilidhani umechoka kuniangalia," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Nilijiambia mwenyewe."

Wapendwa, alifanyiwa upasuaji. Yule seremala mwenye vidole vigumu alijifunza kubadilisha bandeji hadi wauguzi wakamsifu. Leo mama huyo ana makovu mawili na mwili usio na maumivu, na anaimba jikoni. Wameridhika, yeye na mumewe.

Najua baadhi yenu mlikuwa mnangoja niseme kama alikosea kwenda kupasuliwa. Mmekaa mkao wa kuhukumu kabisa! Sikupanda hapa kupima kifua cha mtu. Nimepanda kwa ajili yetu sisi tuliovaa fulana na khanga mbele za Mungu.

Maana sisi tunaomba kila asubuhi, tunaimba, tunafunga, na kuna sehemu moja tumeifunika. Lile kosa tulilofanya mahali pasipojulikana. Ule uamuzi ulioharibika, unaouma kila tukigeuka. Tukiulizwa tunajibu, "Nasikia baridi tu." Tunaogopa kwamba akijua atatuacha. Akijua? Ndugu zangu, tangu lini hajui? Hizo neema ndogondogo za mwaka huu, kazi iliyokuwa nyepesi kuliko ulivyotegemea, rafiki aliyekuja siku ile ile ulipokuwa unazama, ulidhani zilitokea zenyewe? Alikuwa anakupunguzia uzito huku akingoja umwambie. Na tofauti na seremala, Yeye hangoji kwa hasira wala kwa woga.

Mimi usiniambie, wala jirani yako usimgeukie. Nitanyamaza sasa dakika mbili hapa mbele, na kwaya isiimbe. Mwambie Yeye. Anza na lile neno gumu zaidi.